Nilichanja kuku dhidi ya salmonella ili kumwokoa baba anayekunywa mayai mabichi, mzee akanizidi ujanja

Kamwene wakuu.

Nimekuwa msomaji wa kimya wa jukwaa hili la ufugaji kwa muda mrefu, leo naandika mimi. Ninachosimulia kimetokea nyumbani kwetu Ilula. Sijatia chumvi. Anayebisha apande basi la Iringa, ashuke pale wanapouza nyanya, aulizie kwa mzee fundi. Ataonyeshwa nyumba.

Halafu kabla hamjaanza: mimi ni mwanamke. Kuna watu humu mkiona mtu ana kuku wengi mnaandika "kaka umetisha". Asanteni sana, ila ni dada.

Tuendelee.

Baba yangu ni fundi seremala mstaafu. Mama alishatangulia, na mimi baada ya kufiwa na mume nikarudi nyumbani kuishi naye. Yeye Mlutheri wa kuzaliwa, mimi niligeuka Mkatoliki kwa ndoa na nikabaki huko huko. Jumapili kila mtu anashika njia yake, tunakutana mezani mchana. Hili lishikeni, lina kazi mbele.

Mzee ana imani mbili. Moja ya Kilutheri, nyingine ya mayai mabichi.

Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anatoboa mayai mawili, anatia chumvi kidogo, anameza, anafuta mdomo. Anasema ndiyo yaliyompa nguvu ya kupiga randa maisha yake yote bila kuumwa mgongo. Ukimuuliza mbona mgongo unamuuma sasa, anasema kuku wa siku hizi hawatagi kwa moyo.

Anayemtia kiburi ni kaka yangu Festo. Festo yupo Makongolosi machimboni anatafuta dhahabu, na dhahabu nayo inamkwepa kwa bidii ile ile. Lakini kwa simu ni daktari bingwa. "Baba usiache mayai, huku wachimbaji wote tunachanganya na soda, mtu anashuka shimoni na kupanda kama kijana." Mzee anaweka simu sauti kubwa ili na mimi nisikie maendeleo ya sayansi.

Sasa siku moja mzee akaamka anatapika. Mchana anaharisha, jioni homa imepanda, macho yameingia ndani. Tukamkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu.

Walipopima wakasema ni bakteria anaitwa salmonella. Daktari akaniuliza amekula nini. Nikamwambia mayai mabichi. Akanitazama kwa huruma, nadhani alikuwa na mzee wake kwao.

Akatueleza vizuri tu. Huyu mdudu anakaa tumboni kwa kuku bila kuku kuonyesha dalili yoyote. Kuku anatembea, anataga, anawika kama ni jogoo, na yai linatoka safi, kumbe ndani limebeba mgeni. Ukilipika likaiva, mgeni anakufa. Ukilimeza bichi, umemkaribisha sebuleni.

Mzee akiwa na dripu mkononi akajibu: "Kuku wangu haiumwi."

Daktari akamwambia ndiyo hicho anachokieleza. Mzee akasema basi wamekubaliana.

Tukarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi, huku bado anatembea kwa kushika ukuta, akaulizia mayai yake mawili.

Wakuu, nilijaribu kila kitu. Nilichemsha mayai yote ya nyumbani yasibaki mabichi, akaenda kuomba kwa jirani. Nilimletea uji wa lishe, akasema ni chakula cha mtoto anayeota meno. Nilimpigia Festo anisaidie kumshauri, Festo akamshauri aongeze limao.

Nikarudi kwa daktari nikamuuliza kama kuna chanjo ya kumchanja mtu dhidi ya huyu mdudu wa mayai. Akasema kwa watu hakuna, ila kwa kuku ipo.

Hapo ndipo akili ikanijia. Kama baba hachanjiki, wachanjwe kuku.

Nikamtafuta Dokta Atu, daktari wa mifugo. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na Wanyakyusa mnawajua, hakubembelezi. Akaja akakagua banda langu, akacheka, halafu akaanza kunisema. Viota vichafu. Panya wanakula kwenye chombo kimoja na kuku. Hao kuku wanaotaga sasa hivi hachanji, chanjo inatakiwa ianze kwa vifaranga. Akaniambia niuze wote, nioshe banda na dawa, nizibe mashimo ya panya, ndiyo tuongee.

Halafu akanionya: "Dada, chanjo inapunguza hatari, haiimalizi. Yai bado linatakiwa lipikwe."

Nikamwambia amwambie hivyo mzee. Akaenda sebuleni. Baada ya muda mfupi akarudi akasema, "Haya, tuchanje tu."

Basi nikauza kuku wote, nikaanza upya na vifaranga. Chanjo ilitoka Mbeya kwa basi, ndani ya boksi la barafu, nikaipokea stendi nimeikumbatia kifuani kama kichanga. Makondakta wakaniuliza ni samaki? Nikasema ndiyo, sikuwa na nguvu ya kutoa semina.

Kwa wasiojua, hii chanjo ni bakteria hai waliodhoofishwa, kuku anawanywa kwenye maji. Kwa hiyo maji ya bomba yenye dawa hayafai, yanaua chanjo. Nikachota ya kisima. Unachanganya na maziwa ya unga kidogo ili chanjo isife haraka. Mzee alipoona nakoroga maziwa akasimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Kuku wanakunywa maziwa, mimi nakunywa chai ya rangi."

Nikaendelea kukoroga.

Na hili wafugaji mlisikie: ile tabia yetu ya kutia antibaotiki kwenye maji kila kuku akikohoa, au hata asipokohoa, kwenye chanjo hii ni kosa. Umewaleta bakteria wa chanjo kwa barafu kutoka Mbeya, halafu unawaua mwenyewe kwa dawa ya unga wa njano. Dokta Atu alinikataza siku kadhaa kabla na baada. Nilikuta mzee ameshika pakiti, "anawasaidia". Nikaipokonya nikaitupa chooni.

Chupa ilikuwa ya kuku wengi kuliko niliokuwa nao, na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka kesho. Nikazunguka kwa majirani wenye kuku wa kienyeji, nawaomba tuchanje wote, bure. Mnafikiri walifurahi?

Mama mmoja akaniambia kuku wa chanjo mayai yake yanazuia kizazi. Mwingine akasema yeye kuku wake wanakula majani na wadudu, ni wa Mungu, hawahitaji dawa za viwandani. Mwingine alikubali, mumewe akakataa akiwa amelala ndani, ilisikika sauti tu. Chanjo iliyobaki nikaiteketeza kama nilivyoelekezwa, roho inauma.

Habari ya kuzuia kizazi ikamfikia baba. Mzee ana zaidi ya miaka sabini, lakini alikaa siku nzima ana mawazo. Sijui alikuwa na mpango wa kuniongezea wadogo zangu.

Tukarudia chanjo walivyokua, tukarudia tena kabla hawajaanza kutaga. Nilibadilisha maranda ya viota, nilivaa buti za bandani tu, wageni nikawakataza kuingia. Panya wakahama, nadhani walienda kwa jirani mwenye kuku wa Mungu.

Miezi yote hiyo mzee alikula mayai ya kununua yaliyochemshwa, kwa manung'uniko, kwa makubaliano kwamba ni mpaka kuku wangu watage. Kuku wangu walipoanza kutaga nilimletea mayai ya kwanza mwenyewe kwenye sahani. Ya rangi ya kahawia, makubwa, safi.

Akaligeuza moja mkononi. "Hii mayai haina nguvu, mama." Baba ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Tuligombana wiki nzima. Nilimwambia kama lazima anywe bichi, basi anywe haya haya na si mengine. Aliniambia mayai ya chanjo ni kama soda iliyotoka gesi. Nikamwambia nitahamia mjini nimwache na Festo wake wa kwenye simu. Nilisema nikiwa nalia, si utani.

Kesho yake akaja jikoni. Kisha akasema, "Haya. Nitachukua ya kwako."

Wakuu, nilijiona waziri wa mifugo na waziri wa afya kwa mpigo. Kila asubuhi mzee anaokota mayai bandani, anayaleta jikoni, anachukua mawili, anaingia nayo chumbani. Alisema hawezi kunywa huku namkodolea macho. Ni haki yake. Nikawa nalala usingizi mzito. Nikaanza hata kuandaa uzi wa kujisifu humu, kichwa chake "Jinsi ya kumlinda mzazi mkaidi kwa sayansi".

Bahati nzuri sikuuweka.

Kwa sababu mzee aliumwa tena.

Safari hii haikuwa kuharisha tu. Alitetemeka, akawa anaongea na mama yangu kana kwamba yupo chumbani, anamwambia alete gundi. Tulimpakia kwenye pikapu iliyokuwa inapeleka nyanya mjini, dereva akashusha matenga pembeni ya barabara bila kuuliza nauli. Mungu ambariki. Njia nzima hadi Iringa nilimshika kichwa, na alikuwa wa moto kiasi kwamba mkono ulikuwa unaona joto kupitia kitenge.

Majibu yakaja: salmonella tena, na sasa imeingia kwenye damu. Daktari akasema kwa umri wake hali si nzuri, tujiandae kwa lolote huku wao wanafanya kazi yao.

Mnajua mtu mwenye hofu anahitaji wa kumlaumu. Nikampigia Dokta Atu nikiwa kwenye korido. Nilimtukana. Nilimwambia ameniletea maji matupu kwenye chupa, kwamba baba akifa nitamfuata hadi Tukuyu. Watu waliokuwa wanasubiri dirisha la dawa waliacha kuzungumza ili wasikie vizuri.

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Akauliza swali moja tu.

"Mzee anakunywa mayai ya wapi?"

Nikamwambia swali gani hilo la kijinga, anakunywa ya bandani kwangu, ulitaka anywe ya wapi? Akasema ataenda kuchukua sampuli bandani. Nikakata simu. Pole yake.

Siku iliyofuata wakaja wageni kutoka usharika wa baba. Wazee wa kanisa wawili na mama mmoja wa kikundi, wamebeba chupa ya uji na ndizi. Walisali vizuri sana. Baba alikuwa amelala hajui kitu.

Tulipotoka nje yule mama akanishika mkono, anataka kunifariji. "Dada, Mungu atamponya. Baba yako ni mtoaji. Ile mayai ya kwenu ya kahawia, tunaigombania kila Jumapili kwenye mnada."

Nikasema, "Mayai gani?"

"Si ile ya kuku wako wa chanjo. Analeta kila wiki ya sadaka. Mwenyewe anasimama anatutangazia, jamani hii haina ugonjwa, hata mtoto mpe."

Kwa msiojua, makanisani kwetu watu wakikosa hela wanatoa mazao. Mahindi, ndizi, kuku, mayai. Ibada ikiisha vinapigwa mnada hapo nje, hela inaingia kwenye sadaka. Ni jambo zuri na lina kelele za furaha.

Nikamuuliza kama baba naye huwa ananunua kitu.

"Ee, yeye ananunua ile midogo ya kienyeji. Hakosi. Tena akishindana mtu anapandisha bei mpaka mtu anaacha. Anasema hii imeshaombewa."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Kila Jumapili nilipokuwa namwona anatoka na kikapu nilijua ni Biblia, kitabu cha nyimbo na parachichi za kugawa. Kumbe ni mayai yangu. Yale mawili ya kila asubuhi aliyoingia nayo chumbani hakuyanywa hata moja. Aliyakusanya.

Nilirudi Ilula kuchukua nguo, nikaingia chumbani kwake. Chini ya kitanda kuna sanduku lake la vifaa vya useremala. Nikafungua. Kati ya patasi na randa, kwenye maranda laini, mayai meupe madogo ya kienyeji yamepangwa vizuri. Mengine yana mavi ya kuku yamekaukia ganda. Ya wale wale majirani waliokataa chanjo ya bure, maana nao wanasali usharika wa baba.

Kwa hiyo tuweke sawa. Nimeosha banda, nimepigana na panya, nimebeba barafu kutoka stendi, kuku wamekunywa maziwa. Usharika mzima wa Kilutheri ukawa unakula mayai salama. Mtu pekee aliyekosa ni yule niliyemfanyia.

Nilicheka peke yangu pale chumbani, kicheko kibaya. Nikampigia Dokta Atu nikaomba radhi. Akasema sawa, na kwamba akipata majibu ya sampuli ataniambia. Yalikuja baadaye, hawakukuta kitu bandani kwangu. Hakunipa pole ya ziada na sikustahili.

Baba alikaa hospitali muda mrefu. Taratibu homa ikashuka, akaanza kutambua watu. Siku alipoweza kukaa na kunywa uji nikaona ndiyo wakati. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, nimeyapanga kichwani wiki nzima.

"Baba, mayai yangu ulikuwa unapeleka mnadani?"

"Ee."

"Kwa nini hukunywa wewe?"

"Nilikuambia toka zamani. Haina nguvu."

Damu ikanichemka. "Sasa kama hayana nguvu, ndiyo unampelekea Mungu? Yaliyokushinda ndiyo sadaka?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na homa.

"Haina nguvu, lakini haina ugonjwa. Pale wananunua wamama wana watoto wadogo. Wewe umehangaika na hii kuku, nimekuona, asubuhi unaosha, jioni unaosha. Sadaka unatoa kile kizuri. Mimi nimeshazeeka, nikinywa hii ingine kuna shida gani?"

Wakuu, yale maneno yangu makali sikuyaona tena yalikokwenda.

Kumbe mzee aliamini chanjo kuliko hata mimi. Aliiamini kiasi cha kusimama mbele ya watu na kuidhamini kwa jina lake. Hakuona tu kwamba na yeye ni mtu wa kupewa kizuri.

Nikatoka nje nikalia karibu na ndoo za kudekia, mpaka dada wa usafi akanisogeza apate kudeki.

Nilirudi nikakaa kitandani kwake. Nikamwambia, "Baba, wale watoto wa kanisani wana mama zao wa kuwahangaikia. Zile kuku nilizihangaikia kwa ajili yako. Mimi nina baba mmoja tu."

Alikoroga uji ambao hakukuwa na haja ya kuukoroga.

"Basi chemsha," akasema. "Lakini usiivishe sana."

Tuliporudi nyumbani nililichemsha mpaka kiini kikawa kigumu kabisa. Akalimenya, akalitazama, akanitazama. Akala lote.

Hajarudi kuwa yule wa zamani. Miguu imepungua nguvu, kanisani anafika mara chache. Mayai ya mnadani bado yanaenda, napeleka mimi baada ya misa yangu ya kwanza, Mkatoliki katikati ya Walutheri, nauza sura tu. Nawaambia wayapike. Na wale majirani watatu sasa wameuliza chanjo inayofuata inakuja lini. Hakuna aliyegusia kizazi.

Nilichojifunza ni kifupi. Kuku wachanjeni, tena toka vifaranga, na mfuate masharti. Mayai pikeni yaive hata kama kuku wenu wamechanjwa. Lakini ukimfanyia mzazi jambo jema, usiridhike kwa sababu amesema "haya". Hakikisha limemfikia mdomoni, kwa sababu wazee wetu ukiwapa kitu kizuri, jambo la kwanza wanalowaza ni nani mwingine apewe.

Uwanja ni wenu. Wenye wazee wakaidi semeni mnaishi nao vipi, na wataalamu nirekebisheni nilipokosea kwenye chanjo. Ila mkija na habari za mayai, soda na limao, nitawapa namba ya Festo mkashauriane huko huko.